Mahindi Mabichi ya Leland Kucera

Utepe wa polisi ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi, na juu yake paliwekwa kipande cha pai kilichofunikwa kwa foili.

"Huo ni wako," alisema Arlo Brabec, akimpa Lorna Pospisil, mpelelezi wa kaunti, vyote viwili kupitia dirisha la gari. "Hatukuukata. Tumefungua fundo moja moja. Pai ni ya mke wangu, ya tufaha."

Lorna hakupokea. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la mzee huyo. Jumapili asubuhi, alipouzungusha utepe huo kwa mikono yake, shamba la mashariki la Leland Kucera lilikuwa ukuta wa mahindi uliomzidi mtu kimo. Leo Jumatano lilikuwa uwanja. Kombaini, mashine za kuvunia, zilipishana humo zikinguruma, kijani na nyekundu, vumbi la makapi likapanda na kuchafua mbingu ambayo tangu asubuhi ilikuwa imenuna.

"Arlo, nani aliwaambia muuondoe?"

"Verlin. Alimpigia Ruzicka, mwendesha mashtaka. Naye akasema mtu ameshakamatwa, shamba halina kazi tena kwa polisi."

"Na mimi hakunipigia mtu."

"Tulidhani unajua." Arlo alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Ni kwa ajili ya Darlene, Lorna, sasa ni mjane. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo."

Angefanya. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Mkulima wa Nebraska akifa mavuno hayajaingia, majirani huacha ya kwao na kuja kumvunia. Hawaitwi, hawalipwi, na siku hiyo hakuna anayebishana na mwenzake. Baba yake Lorna alivuniwa hivyo. Sasa wema ule ule ulikuwa umepita juu ya ushahidi wake kwa meno ya chuma.

Alishuka. Pai akaiweka juu ya boneti.

Leland Kucera alikutwa Jumapili alfajiri amelala mtaroni, kando ya barabara ya changarawe inayopakana na shamba hilo, fuvu limepasuka. Jioni ile ile walimkamata Gatluak Ruot, mpangaji wa Leland, mtu wa Sudan Kusini anayefanya kazi ya zamu ya usiku kiwanda cha nyama na kupita barabara hiyo kila alfajiri. Taa ya mbele ya gari lake ilikuwa imevunjika, na bamba lake lilikuwa na damu. Gatluak alisema wiki iliyopita aligonga paa aliyekatiza barabara. Mwezi wa Oktoba kila mtu katika kaunti hiyo hugonga paa. Lakini yeye hakuwa kila mtu. Jumatatu usiku televisheni zote za jimbo zilikuwa na sura yake, na sauti ya Seneta Merle Osterhaus ikisema, "Walimuua rafiki yangu."

Maabara haikuwa imemaliza na ile damu. Ruzicka hakutaka kuingojea. Jioni hii angefungua mashtaka ya kuua, na Jumanne ijayo watu wangepiga kura.

Lorna hakuwa na kitu cha kuweka mbele ya Ruzicka isipokuwa soli za buti. Jumamosi jioni mvua ilinyesha, mtaro ulikuwa tope tupu, na soli za buti za Leland zilikuwa kavu. Mtu hafiki mtaroni bila kukanyaga tope. Ndiyo maana aliufunga ukingo wa shamba, akaomba mbwa wa kunusa kutoka mjini Lincoln. Mbwa walikuwa waje mchana huu; sasa wangenusa dizeli na vumbi tu.

Akachukua hindi moja lililodondoka kwenye tela la nafaka. Akalimenya, akakandamiza punje kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukazama kama kwenye jibini.

Akavunja jingine. Lile lile.

"Verlin yuko wapi?" aliuliza.

*

Verlin Schaaf alisimama juu ya ngazi ya kombaini yake akielekeza malori kwa kofia. Mashamba yake yalipakana na ya Leland kwa nyuma. Alikuwa mwenyekiti wa kampeni ya seneta katika kaunti, mwimbaji wa kanisani, na Jumamosi angekuwa mmoja wa watakaobeba jeneza.

"Lorna. Umekuja kusaidia au kuhesabu magunia?"

"Nimekuja kuuliza. Mahindi haya ni mabichi."

"Kidogo."

"Si kidogo. Ukipeleka haya ghalani mjini watakurudisha nayo."

"Siyapeleki mjini. Nayapitisha kwenye mashine yangu ya kukaushia."

"Utachoma gesi ya wiki nzima."

"Kwa jirani sihesabu gesi." Alishuka, akajifuta shingo. Alikuwa mtu mkubwa, mwekundu, mwenye sauti ya upole. "Baba yako naye hakuhesabu."

"Kwa nini mmeanza huku, Verlin? Kwa nini si kule kilimani magharibi?"

"Waulize watu wa kamera. Seneta anapigwa picha akivuna. Wanataka barabara, wanataka bendera, wanataka sijui mwanga gani. Mimi ni mkulima, naambiwa simama hapa, nasimama."

"Nani alikata mistari ya kwanza kando ya mtaro?"

"Mimi."

"Hukuona kitu?"

"Niliona mahindi." Alitabasamu bila kuonyesha meno. "Mtu wako unaye, mama. Mwache mjane apate nafaka yake."

Lorna alimshukuru. Jibu lilikuwa jepesi na lilikaa vizuri. Siasa zilikuwa zimeshaharibu mambo makubwa kuliko shamba moja.

*

Paige Amdahl, meneja wa kampeni, alikuwa na simu mbili na koti jembamba lisilofaa kwa upepo ule. Alikuwa mtu wa Washington. Alikanyaga mabua kama anayekanyaga nyoka.

"Dakika tano tu," alisema. "Betri ya kamera imekufa. Kila kitu huku kinakufa." Kisha akatambua alichosema. "Samahani."

"Nani alichagua shamba hili?"

"Si sisi. Sisi tulitaka lile la kilimani, lenye kinu cha upepo. Nilimbembeleza yule bwana mkubwa mwekundu jana nusu saa. Akasema haiwezekani, kilima kimelowa, mashine zitazama."

"Kilima kimelowa."

"Ndivyo alivyosema."

"Na bondeni hapa ni pakavu."

Paige alimtazama. "Mbona unauliza hivyo? Maji hayafanyi hivyo?"

"Hayafanyi hivyo," Lorna alisema. "Seneta yuko kwenye ile mashine?"

"Hahojiwi na mtu leo."

"Basi nitapanda tu nione inavyoendeshwa."

Akapanda kabla hajakatazwa. Seneta Osterhaus alikuwa peke yake ndani ya chumba cha vioo cha dereva, mikono kwenye usukani, injini ikiunguruma bila kwenda popote. Kwenye mabango alikuwa na mabega. Hapa alikuwa mzee mwenye poda mashavuni na kofia mpya ambayo jasho halijaigusa.

Lorna alikaa kwenye kiti kidogo cha pembeni, akataja jina na kazi yake.

"Pospisil," alisema seneta. "Pospisil wa kule darajani? Mzee wako alikuwa na ng'ombe wekundu."

"Ndiye."

"Alinipigia kura?"

"Hajawahi."

Seneta alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepumzishwa. "Angalau wewe husemi uongo. Uliza."

"Mara ya mwisho ulizungumza na Leland lini?"

"Jumamosi mchana. Alinipigia mwenyewe."

"Alitaka nini?"

"Kuniaga." Aligeuza uso kwenye kioo. "Miaka kumi na minane, kila nikigombea, Leland husimama kwenye tangazo langu na kofia yake ya mbegu na kusema, Merle ni mtu wetu. Wakulima hawanijui mimi. Wanamjua yeye. Jumamosi akaniambia Jumatatu anakwenda Omaha kurekodi tangazo la mpinzani wangu."

"Kwa sababu gani?"

"Alisema nimemzoea kama mtu anavyozoea kiti. Nikamwambia, Leland, utanimaliza. Akasema anajua, ndiyo maana ananipigia, nisije nikaona kwenye televisheni kama mgeni."

"Ukafanya nini?"

"Nilimpigia Verlin. Wamekua pamoja. Nikamwambia nenda kazungumze na rafiki yako."

"Kwa maneno hayo hayo?"

Makapi yaligonga kioo. Seneta aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Nilimwambia asilale kabla hajambadili mawazo."

"Akakujibu?"

"Usiku alituma ujumbe. Leland haendi Omaha. Basi, hayo tu."

"Na Jumapili, ulipoambiwa Leland amekufa?"

"Nilifikiri nilichofikiri. Halafu nikaambiwa kuna mtu amekamatwa, na nikashukuru Mungu."

"Kisha ukatoa tangazo."

"Tangazo walitengeneza vijana wangu."

"Sauti ni yako, Seneta."

"Tuko nyuma kwa pointi mbili," alisema, polepole, kama mgonjwa anayetaja homa yake.

"Gatluak Ruot yuko nyuma zaidi ya hapo. Usifute ule ujumbe."

Alipofungua mlango, seneta alimwita. "Binti. Mke wa Leland anaitwa nani? Walinipa jina kwenye kikaratasi, limenitoka."

"Darlene," Lorna alisema. "Umekula kwake."

*

Alikwenda kilimani kwanza, kwa gari, ili pasibaki shaka hata ya tundu la sindano. Mahindi ya magharibi yalikuwa yamekauka mpaka yanalia. Upepo ulipopita yaligongana kama mifupa; mahindi yenyewe yalikuwa yameinamisha vichwa chini, na mabua mengine yalishaanza kulala. Alikandamiza punje kwa ukucha, ukucha ukateleza. Mkulima yeyote mwenye macho angeanza hapa. Upepo mmoja mkali, na nusu ya shamba hili ingekuwa chini.

Verlin alikuwa na macho.

Akarudi mashariki. Safari hii hakuangalia mashine, aliangalia ardhi. Kombaini humwaga nyuma yake majani na maganda yaliyosagwa, na blanketi hilo lilikuwa limefunika kila kitu. Lorna alianzia pale Leland alipolala, akaupa mtaro mgongo, akawa anatembea huku akilifunua blanketi kwa ncha ya buti kama anayetafuta sarafu.

Bua lililosimama hukatwa na kombaini. Bua lililolazwa chini hupitwa juu, meno hayalifikii. Hilo Verlin alilijua pia, lakini hakuwa na la kufanya. Hata mashine ya bei gani haiokoti kilichozikwa kwenye tope.

Chini ya maganda alilikuta hindi zima, limebanwa ardhini. Hatua chache mbele, jingine. Kisha yakawa mengi, mistari miwili ya mahindi yaliyokandamizwa, yameshikiliwa na udongo uliokuwa tope Jumamosi usiku na sasa umekauka kama saruji. Juu ya udongo huo palikuwa na alama za tairi, vibonge vibonge, safi kama muhuri.

Si za kombaini. Kombaini zote zilikwenda sambamba na mistari ya kupandia. Njia hii iliikata mshazari. Si za gari la Gatluak wala gari lolote la barabarani, maana ilikuwa nyembamba mno. Ilikuwa njia ya kigari cha shambani, vile vya wazi visivyo na milango. Leland hakuwa nacho. Aliviita vichezeo vya watu wa mjini. Verlin alikuwa nacho. Jumamosi asubuhi, kwenye gwaride la mavuno, alikiendesha kimepambwa mabango ya seneta kila upande, akiwarushia watoto peremende.

Kwa upande wa mtaro njia hiyo iliishia mistari michache ndani ya shamba, ndiyo maana Jumapili hakuiona kutoka barabarani. Aliifuata mpaka ilikoanzia. Haikuanzia barabarani. Ilianzia kwenye maghala ya nafaka, kona ya nyuma kabisa, pale shamba la Leland linapokutana na la Verlin. Kutoka hapo hadi barabarani kulikuwa na njia nzuri ya gari, lakini ilipita mbele ya dirisha la jiko la Darlene.

Alipiga picha na rula kando ya alama. Akapiga tena. Akampigia Ruzicka.

"Leland hakugongwa barabarani," alisema. "Alibebwa kupitia kwenye mahindi. Ninayo njia nzima. Naomba hati ya kulifunga shamba mpaka watu wa maabara wafike."

"Hakimu yuko Lincoln mpaka kesho," alisema Ruzicka. "Lorna, unaniambia habari za mahindi yaliyolala. Mahindi hulala."

"Njoo uone."

"Jioni nafungua mashtaka. Nikitoka hapo nitakuja kuona mahindi yako."

"Ukishafungua hutayafunga tena. Sura yake iko kila ukuta."

"Kesho lete hati. Leo ile ardhi ni ya mjane. Akitaka kucheza mpira humo, acheze."

Alikuwa bado ameshika simu aliposikia ng'ombe. Malori mawili ya kubebea mifugo yalikuwa yanakata kona kutoka barabarani, pua za wanyama zikitoka kwenye matundu, mvuke ukifuka.

"Arlo," Lorna aliita. "Ng'ombe wa nini?"

"Wa Verlin. Anawaachia kwenye mabua leo leo, wale mahindi yaliyodondoka. Anasema atampa Darlene ndama kwa ajili hiyo." Arlo aliona uso wake. "Si kila mtu hufanya hivyo baada ya kuvuna?"

Kila mtu hufanya. Mpaka asubuhi kundi lile lingekuwa limekula kila hindi na kusaga kila alama kwa kwato.

*

Jikoni kwa Darlene Kucera bakuli za vyakula zilijaa meza, majiko na vizingiti vya madirisha, na wanawake walikuwa wanasukumana kwa upole kutafuta pa kuweka nyingine. Darlene alikaa katikati, mwembamba, mikono haina kazi. Lorna alimwomba waingie stoo. Walisimama kati ya mitungi ya matango ya siki, mlango umefungwa.

"Nizungumze na wewe kama mtu mzima?" Lorna aliuliza.

"Nina miaka sitini na minne. Jaribu."

Alimweleza. Mabichi na makavu, njia mshazari, maghala, kigari. Alimweleza simu ya seneta. Darlene hakulia. Alishika mtungi mmoja, akausogeza ulingane na wenzake.

"Jumamosi usiku Leland alisema anakwenda kuangalia maghala," alisema. "Nikalala. Huwa anachelewa." Kisha: "Una hakika?"

"Nina hakika kigari kilitoka maghalani, kikapita kwenye mahindi yako, kikaishia karibu na pale alipolala mume wako. Nina hakika si cha Gatluak. Yaliyobaki yako chini ya yale majani, na ng'ombe wakiingia hayatakuwepo."

"Verlin alinilimia mwaka ule Leland alipovunjika mguu."

"Najua."

"Watoto wangu wako Denver na Phoenix. Hawarudi."

"Najua."

"Nikimzuia mbele ya watu, mimi sina jirani tena hapa. Nusu ya hawa ni ndugu zake, nusu nyingine wameoa kwao."

"Ndiyo," Lorna alisema. Hakuwa na sukari ya kutia.

"Na nisipomzuia?"

"Jioni hii Gatluak anashtakiwa kwa kuua. Hatatoka."

Nje, mlango wa lori ulifunguliwa kwa kelele za mnyororo. Darlene alisikiliza.

"Kila alfajiri akifika hapa mbele hupunguza mwendo," alisema. "Huzima taa kubwa, zisituamshe. Nasikia gari likitambaa kama paka. Leland alikuwa akisema, huyo ndiye mtu pekee wa kaunti hii aliyefundishwa adabu."

Lorna alimkazia macho. Gari linalotambaa halimrushi mtu mzima mtaroni na kumpasua fuvu. "Hukuniambia hilo Jumapili."

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama waliwahi kugombana."

Darlene alitungua koti la Leland kwenye msumari, akalivaa juu ya aproni, akatoka.

*

Verlin alikuwa amelirudisha lori la kwanza nyuma mpaka kwenye geti la shamba. Geti lilikuwa wazi. Kombaini zilikuwa zimesimama kwa chakula, na wanaume walikuwa wanakuja kunawa mikono. Wakasimama walipomwona mjane anakatiza uwanja kwa ndala za ndani.

"Wageuze, Verlin," alisema Darlene.

"Rudi ndani, dada, baridi."

"Wageuze."

"Mahindi yanaoza chini. Ni chakula hicho."

"Ni yangu. Yaache yaoze."

Verlin alimwona Lorna nyuma yake. "Huyu amekwambia nini?"

"Ameniambia ya kutosha. Usimwangalie yeye, niangalie mimi."

Halafu Arlo Brabec alisema, sauti yake ndogo kuliko mwili wake, "Ulituambia kilima kimelowa."

"Nini?"

"Asubuhi. Ulisema kilima kimelowa, tuanze bondeni. Mimi nilijua hakijalowa. Sote tulijua." Alitazama glavu zake. "Siku kama hii mtu habishi. Ndiyo maana hatukubisha."

Hakuna aliyemkanusha. Wakulima wanane walikuwa wamekata mahindi mabichi tangu asubuhi, kila mmoja akijua ni mabichi, kila mmoja akidhani mwenzake anajua sababu.

Shingo ya Verlin ilipanda rangi. "Na nani atakulimia mwezi wa Aprili, Darlene?" alisema. "Huyu Pospisil? Yule Msudani wako? Fikiria vizuri. Nani?"

Swali hilo lilifanya kazi ambayo picha za Lorna zisingeifanya. Wanaume waliinamisha macho, na mmoja wao, mpwa wake mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja.

"Sijui," alisema Darlene. Akavuta geti, likalia kwenye bawaba, akapitisha mnyororo na kuutia kwenye ndoano. Mara ya kwanza ulimponyoka, ikambidi ajaribu tena. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemzuia.

Lorna alisogea. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza njia, "Alianguka wapi, Verlin?"

"Ngazini," alisema Verlin.

Neno lilitoka peke yake, na likabaki hapo mbele ya watu wote. Verlin alifungua kinywa kulirudisha. Ng'ombe mmoja alikohoa.

"Alikuwa juu ya ngazi ya ghala," alisema, akimwambia Darlene, si mwingine. "Nilimshika koti ashuke tuongee. Tuongee tu. Alikuwa hataki kunisikiliza, Darlene, unajua alivyokuwa..."

"Acha hapo," Lorna alimkatiza. "Kuanzia sasa una haki ya kunyamaza, na una haki ya wakili. Itumie. Funguo za lori nipe mimi. Kigari kiko wapi?"

"Kimekwenda kuoshwa."

"Tutakifuata."

Alimfunga pingu kwa mbele, kwa heshima ya umri. Kule barabarani magari meusi ya kampeni yalikuwa yameshaanza kuondoka moja baada ya jingine, Paige Amdahl akiongea na simu zote mbili. Kombaini ya seneta ilibaki katikati ya shamba, mlango wazi, injini inanguruma. Mpwa wa Verlin alikwenda akaizima.

Baada ya hapo hakukuwa na chakula cha pamoja. Wanaume walipanda mashine zao bila kuagana. Wake zao walitoka jikoni wamevaa makoti, wakakumbuka kumkumbatia Darlene au wakasahau. Arlo alimsogelea, akavua kofia, akataka kusema kitu. Mkewe alikuwa dada wa Verlin, naye alikuwa ameshaingia garini akitazama mbele. Arlo akavaa kofia. Safu ya kombaini ikapita barabarani taratibu, taa zimewashwa mchana, kama msafara wa mazishi uliosahau jeneza.

Lorna alimpigia Ruzicka tena.

"Amesema mbele ya watu wangapi?" Ruzicka aliuliza.

"Mbele ya wote."

Ruzicka alivuta pumzi. Yeye pia jina lake lingekuwa kwenye karatasi ya kura Jumanne. "Nasimamisha mashtaka ya Ruot."

"Simamisha na umtoe."

"Hakimu akirudi. Kesho, keshokutwa. Na lile tangazo mimi siliwezi, Lorna, usiniombe."

Alikata. Darlene alikuwa bado amesimama getini, koti la mumewe limemfika magotini. Hakuwa anatazama maghala wala mtaro. Alikuwa anatazama kilima cha magharibi, mahindi makavu yaliyobaki yamesimama, yakiyumba yote kwa pamoja.

"Redio inasema Ijumaa upepo," alisema.

"Nimesikia."

"Yatalala yote." Akamgeukia Lorna. "Wamesemaje kuhusu Gatluak?"

"Kesho au keshokutwa."

"Anajua kuendesha kombaini?"

"Sijui, Darlene."

"Kamuulize. Leo, kabla hajalala." Akavuta kola ya koti juu. "Mwambie ya Leland inavuta kushoto kidogo."